Kuunga kebo iliyokatika kwa lehemu

Kebo ya chaja, ya hedifoni au ya spika haikatiki popote tu. Mara nyingi hukatika shingoni, sentimita chache kutoka kwenye kichwa chake, kwa sababu hapo ndipo inapokunjwa kila siku. Ndani ya ganda, nyuzi za shaba hukatika mmoja baada ya mwingine, na ndiyo maana ugonjwa huanza taratibu: ukiikunja kebo hivi inachaji, ukiiachia inazima. Elewa jambo hili kabla ya kuwasha pasi ya kulehemia, maana kiungo utakachotengeneza kitapambana na mkunjo uleule ulioiua kebo ya mwanzo.

Lehemu hupitisha umeme vizuri, lakini ni metali laini. Haikuwekwa pale kubeba mvuto. Katika kiungo imara, nyaya zenyewe zimeshikana kwanza, lehemu ikajaza nafasi kati ya nyuzi, kisha mirija ya plastiki inayovishwa juu ya kiungo na ganda la nje vikapokea kuvutwa na kukunjwa. Viungo vingi vinavyorudi kwa fundi baada ya wiki mbili vina lehemu ya kutosha kabisa. Kilichokosekana ni hivyo vingine.

Ipi iungwe, ipi iachwe

Zinazoungwa bila wasiwasi ni kebo za umeme mdogo: chaja za volti 5 hadi 20, USB ya kawaida yenye nyaya nne, hedifoni, maikrofoni, spika, taa za betri. Kebo ya chaja ya kompyuta mpakato nayo inaungika, ila ichunguze vizuri. Mara nyingi ina waya mmoja katikati na nyuzi nyingine zimeuzunguka kama shati, na baadhi zina waya wa tatu, mwembamba sana, ambao kompyuta hutumia kuitambua chaja. Ukiusahau huo mwembamba, kompyuta inaweza kuwaka kama kawaida lakini betri ikakataa kujaa.

Kebo ya umeme wa ukutani, wa volti 230 au 120, usiiunge katikati kwa lehemu na tepu. Kebo hiyo hukanyagwa, huvutwa na hupata joto. Kiungo kikifunguka, kinachobaki nje ni umeme wa kuua. Badilisha kebo nzima. Kama imekatika karibu na plagi, kata sehemu mbovu ufunge plagi upya kwenye kebo iliyobaki. Na hapo kwenye plagi, usizivishe nyuzi lehemu kabla ya kuzibana kwa skrubu. Watu wengi hufanya hivyo wakidhani wanaimarisha. Lehemu iliyogandamizwa hutambaa polepole, skrubu hubaki haina cha kubana, mguso hulegea na plagi huanza kuungua. Shaba tupu iliyosokotwa vizuri ndiyo inayotakiwa chini ya skrubu.

Kundi la pili la kuacha ni kebo za data za kasi kubwa: HDMI, jozi za kasi za USB 3, kebo ya mtandao ya kompyuta na kebo ya antena. Humo ndani umbali kati ya waya na waya umepimwa. Jozi ya kebo ya mtandao, kwa mfano, haitakiwi kufunguliwa msokoto wake zaidi ya milimita 13 hivi. Kiungo cha mkono kinavuruga mpangilio huo. Mita ya kupimia umeme itakwambia umeme unapita, lakini picha itakatikakatika au mtandao utapungua kasi. Hizo zina viunganishi vyake maalumu.

USB-C kwa USB-C ina mtihani wake. Zina nyaya zaidi ya nne, rangi hazifanani kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na zile za ampea 5 zina chipu ndani ya kichwa. Zaidi ya hayo, chaja inaweza kupandisha volti mpaka 20 na kuendelea. Waya mmoja ukienda pasipo pake, volti hizo zinaingia kwenye simu kupitia mlango usio wake. Kama huna uhakika wa kila waya kwa mita, nunua kebo mpya.

Vifaa

Pasi ya kulehemia yenye wati 40 hadi 60 na kirekebisha joto inatosha kwa kazi zote hizi. Ncha iwe bapa kama patasi ndogo, upana wa milimita 2 au 3. Ncha nyembamba kama sindano huvutia macho lakini hubeba joto kidogo. Ikigusa waya mnene inapoa palepale, nawe unabaki umeiegesha huku ganda la waya likiyeyuka.

Lehemu ya waya, unene wa milimita 0.8 au 1, yenye rozini ndani, yaani utomvu mkavu unaosafisha shaba ili lehemu ishike. Mchanganyiko wa bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwenye 183°C na kuganda papo hapo. Ule wa 60 kwa 40 hupitia hali ya uji kati ya 183 na 190°C, na waya ukitikisika katika muda huo mfupi kiungo kinaharibika. Kwa anayejifunza, 63 kwa 37 inasamehe zaidi. Lehemu isiyo na risasi, kwa kawaida bati lenye fedha na shaba kidogo, huyeyuka karibu 217 hadi 227°C kutegemea mchanganyiko. Inahitaji pasi yenye joto zaidi na subira zaidi.

Flaksi ya ziada, yaani dawa ya kusafisha shaba kama hiyo rozini, husaidia sana, mradi iwe ya rozini au iliyoandikwa kuwa ya kazi za elektroniki. Ile ya mafundi bomba ina tindikali. Italehemu vizuri mno siku ya kwanza, kisha itakula shaba ndani ya mrija usioweza kuuona.

Mirija ya kusinyaa kwa joto chukua ya vipimo viwili: myembamba ya kila waya, na mmoja mpana wa kufunika kebo yote. Ile ya kawaida husinyaa hadi nusu ya upana wake, kwa hiyo mrija wa milimita 3 utashika waya wa milimita 2 lakini utapwaya kwenye waya wa milimita 1. Kwa mrija wa nje, tafuta wenye gundi ndani, unaosinyaa hadi theluthi. Ongeza koleo la kukatia, koleo la kuchunia waya au kisu kikali, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, vibanio viwili vya kushikia nyaya, na mita. Bila mita utakuwa unabahatisha.

Moshi unaopanda wakati wa kulehemu ni wa flaksi, si wa risasi, lakini moshi wa rozini huwasha mapafu na kwa watu wengine huleta pumu. Fungua dirisha, na usiinamie kazi moja kwa moja. Risasi yenyewe huingia mwilini kwa mikono: usile ukiwa kazini, nawa kwa sabuni ukimaliza. Vaa miwani, kwa sababu flaksi hupasuka na ncha ya waya inayokatwa huruka.

Kutafuta palipokatika

Chomoa kebo pande zote mbili. Kama ni ya chaja, subiri dakika chache chaja imwage umeme uliobaki ndani yake. Weka mita kwenye mlio, mahali inapolia umeme ukipita, gusa mwanzo na mwisho wa waya mmoja, kisha kunja kebo sentimita kwa sentimita kutoka kichwani. Pale mlio unapokatika na kurudi ndipo penye jeraha. Ikiwa waya umekatika kabisa na hakuna mlio popote, choma pini nyembamba kupitia ganda ifike kwenye shaba, upime kutoka kichwani hadi kwenye pini, ukisogea hatua kwa hatua. Mlio unapokosekana, umeshavuka mahali penyewe. Fanya hivi kwenye sehemu utakayoikata tu, maana tundu la pini huingiza unyevu.

Kata sentimita 2 kila upande wa jeraha. Usione uchoyo wa urefu. Shaba iliyo karibu na mahali palipokunjwa imeshachoka hata kama inaonekana nzima, na ukiunga hapo itakatika milimita chache kutoka kwenye kazi yako mpya. Angalia pia rangi. Shaba safi ina wekundu unaong'aa. Nyeusi au yenye ukungu wa kijani imeliwa na unyevu, na lehemu haiishiki. Endelea kukata mpaka ukutane na wekundu. Kama kebo yote ni nyeusi ndani, kwangua nyuzi taratibu kwa msasa laini na utumie flaksi, ukijua kuwa kebo hiyo imebakiwa na maisha mafupi.

Jeraha likiwa ndani kabisa ya kichwa, hakuna nafasi ya kuunga. Hapo funga kichwa kipya.

Kuchuna na kupanga ngazi

Kosa baya kuliko yote hapa ni viungo vyote kukaa mstari mmoja. Kebo hunenepa kama tumbo la chatu aliyemeza mbuzi, na nyaya mbili zikichomoza uzi mmoja tu, unapata shoti. Dawa yake ni kupanga viungo kwa ngazi.

Chukua USB yenye nyaya nne. Chuna ganda la nje milimita 55 kila upande. Kwenye upande wa kushoto, uache mwekundu urefu wote, mweupe upunguze kwa milimita 12, wa kijani kwa 24, mweusi kwa 36. Upande wa kulia fanya kinyume: mweusi urefu wote, wa kijani pungufu kwa 12, mweupe kwa 24, mwekundu kwa 36. Ukizikutanisha, kila kiungo kinaangukia mahali pake, kimepishana na jirani yake. Kisha chuna ganda la kila waya milimita 8 tu.

Kwenye kuchuna nyaya nyembamba, tundu la koleo likiwa dogo kuliko waya litakata nyuzi kadhaa pamoja na ganda. Zitazame kwa karibu: uzi uliojeruhiwa una mkwaruzo unaong'aa upande mmoja, na ukiukunja mara mbili unakatika. Waya wenye nyuzi 7 ukipoteza 2 umeshapoteza zaidi ya robo ya uwezo wake wa kubeba umeme. Kata tena, uchune upya.

Usiamini rangi peke yake. Kwa kawaida USB ina mwekundu wa volti 5, mweusi wa hasi, mweupe na wa kijani wa data, lakini zipo kebo za bei rahisi zenye rangi za kujitungia. Pima kila waya kutoka kwenye pini ya kichwa, uandike kwenye karatasi.

Halafu, kabla ya kusokota chochote, ingiza mirija. Mpana kwanza juu ya kebo, kisha mwembamba mmoja kwa kila waya, kwenye upande ambao waya huo ni mrefu. Isukume mbali kadiri inavyowezekana. Ikikaa karibu na pasi itasinyaa hapohapo na haitapita tena juu ya kiungo. Mrija mwembamba uwe na urefu wa milimita 15 hadi 18, ili ufunike kiungo na kupanda juu ya ganda pande zote mbili. Kama kwenye upande mrefu wa waya hakuna nafasi ya kuuficha mbali na joto, uufunike mrija kwa kipande cha karatasi iliyoloana wakati unalehemu. Kila anayeunga kebo hufika siku moja akamaliza kulehemu vizuri kisha akaona mrija uko mezani. Hakuna njia ya mkato hapo: unakata na kuanza upya.

Kusokota

Kwa waya wa nyuzi nyingi, fungua nyuzi za kila upande kama ufagio, zisukume ziingiliane, kisha zibane kwa vidole na uzisokote kwa mwelekeo mmoja. Kiungo kinakuwa chembamba, kimenyooka, na nyuzi zinashikana urefu wote. Kwa waya mnene zaidi, kuanzia milimita mraba 0.5, tumia mtindo wa mafundi wa nyaya za telegrafu za zamani: chuna milimita 20, vuka nyaya kama herufi X, kisha ncha ya kila waya izungushe juu ya mwenzake mara 4 au 5, kila moja ikielekea upande wake. Mtindo huo ukivutwa hujikaza wenyewe.

Usizikutanishe nyaya mbili sambamba na kuzisokota kama mkia, halafu ukaukunja mkia ulale. Kiungo cha namna hiyo kina ncha inayotoboa mrija, na kikivutwa hufunguka.

Nyaya nyembamba kama nywele hazisokoteki zikakaa. Hizo zivishe lehemu kila moja peke yake, zilaze sambamba kwa milimita 5, kisha ziguse kwa pasi ziyeyukiane.

Kulehemu

Weka pasi kwenye 330 hadi 350°C kwa lehemu yenye risasi, 360 hadi 380°C kwa isiyo na risasi. Ikipata moto, futa ncha kwenye sponji yenye unyevu au sufu ya shaba ya njano, kisha igusishe lehemu mpaka ing'ae. Ncha nyeusi haitoi joto hata ikiwa 400°C, kwa sababu kile cheusi ni kama ganda kati yake na waya.

Bana nyaya pande zote mbili ili kiungo kikae hewani bila kutikisika. Paka flaksi kidogo. Weka tone dogo la lehemu kwenye ncha, kisha egesha upana wa ncha chini ya kiungo. Tone lile linajaza pengo kati ya chuma na nyuzi, na joto linavuka haraka. Sasa gusa kiungo kwa waya wa lehemu kutoka juu, upande usio na pasi. Sekunde ya kwanza hakuna kinachotokea. Ya pili flaksi inachemka, inatoa moshi mwembamba. Kisha ghafla lehemu inanywewa: inazama kati ya nyuzi na kukimbia urefu wa msokoto kama mafuta kwenye utambi. Ongeza mpaka nyuzi zote ziwe zimelowa, ondoa lehemu kwanza, kisha pasi, na usiguse chochote kwa sekunde 5.

Kazi nzima ichukue sekunde 2 hadi 4. Ikizidi hapo, ganda la PVC linaanza kurudi nyuma na kuacha shaba wazi. Kama sekunde 4 zimepita na lehemu haijayeyuka, ondoa pasi, acha kiungo kipoe, tafuta sababu: ncha chafu, ncha ndogo mno, au shaba iliyoingia kutu.

Jambo moja linaloharibu kazi za watu wenye mkono mzuri ni kuyeyushia lehemu kwenye pasi na kuipakaza juu ya waya kama rangi. Lehemu inayopakwa hivyo imeshaunguza flaksi yake njiani, na inakutana na shaba baridi. Inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Kwa nje utaona umefanikiwa. Ukivuta, waya unachomoka ukiwa msafi.

Kiungo kilichokubali kina sura yake. Lehemu ni nyembamba kiasi kwamba bado unaona mistari ya nyuzi chini yake, na pembeni inamalizika kwa mteremko laini. Ikiwa duara kama punje ya mtama, shaba haikupata joto. Ikiwa ya kijivu yenye chembechembe, kiungo kilitikisika wakati wa kuganda. Lehemu isiyo na risasi hufifia yenyewe, basi huko tazama mteremko kuliko mng'aro. Ikichomoza mwiba, flaksi ilikwisha kabla hujaondoa pasi. Dawa ya haya yote ni moja: ongeza flaksi, rudisha joto kwa sekunde 2, acha igande tena. Mwiba usiuache kamwe, utatoboa mrija.

Zingatia pia lehemu inayotambaa kuingia chini ya ganda. Hapo waya unakuwa mgumu kama msumari kwa urefu usiouona, na mkunjo wote wa siku za usoni utakusanyika pale ugumu unapoishia. Acha milimita 1 ya nyuzi isiyo na lehemu karibu na ganda. Kibanio cha chuma kilichowekwa hapo hunyonya joto na kuizuia lehemu isisonge.

Nyaya za hedifoni

Ukichuna kebo ya hedifoni utakuta nyuzi za rangi nzuri, nyekundu, kijani au buluu, na za rangi ya shaba, hazina ganda. Rangi hiyo ndiyo ganda lenyewe: ni vanishi. Mita haitalia juu yake, na lehemu haitashika mpaka iungue. Ndani yake kuna nyuzi za nailoni za kuongeza nguvu; zitenganishe uzikate, kwa sababu zikiyeyuka zinafanya gundi inayofukuza lehemu.

Pandisha pasi hadi karibu 390°C, weka tone kubwa la lehemu mpya kwenye ncha, uchovye milimita 4 za mwisho za waya ndani ya tone hilo kwa sekunde 3 hivi. Moshi utapanda na utaona rangi ya fedha inapanda juu ya waya kutoka mwishoni. Ikikataa, paka flaksi urudie. Kukwangua kwa kisu kunakata nyuzi. Kuchoma kwa kiberiti kunaacha masizi na shaba dhaifu.

Nyekundu kwa kawaida ni sikio la kulia, kijani au buluu la kushoto, rangi ya shaba ni waya wa pamoja. Ukifunga plagi mpya ya pete tatu nyeusi, mpangilio unaotumika kwenye simu nyingi za sasa, kuanzia nchani, ni kushoto, kulia, waya wa pamoja, maikrofoni. Mpangilio wa zamani hubadilishana nafasi za viwili vya mwisho, na dalili ya kuukosea ni sauti nyembamba ya mbali inayosikika vizuri ukibonyeza kitufe cha maikrofoni. Wakati wa kulehemu plagi ya aina hii, ichomeke kwenye soketi mbovu isiyotumika: plastiki kati ya pete hulainika kwa joto, na soketi huzishika pete zisihame.

Pima kabla ya kufunika

Futa mabaki ya flaksi kwa alkoholi. Vuta kila kiungo kwa vidole kwa nguvu ya kuvulia kofia ya kalamu. Kisipostahimili hivyo, afadhali kife sasa. Weka mita kwenye mlio: kila waya ulie na pini yake, na usilie na waya mwingine wowote. Kipimo cha pili ndicho kinachookoa kifaa, na ndicho kinachorukwa mara nyingi.

Sogeza mirija midogo juu ya viungo, kila kiungo katikati ya mrija wake, uipashe joto kuanzia katikati kuelekea ncha ili hewa itoke. Bunduki ya hewa ya moto ni bora. Ukitumia kiberiti cha gesi, pitisha upande wa moto, si ncha yake, bila kusimama mahali pamoja. Kama kebo ilikuwa na wavu wa kinga, usokote wavu wa pande mbili kwa pamoja na kuulehemu pia, nje ya mirija midogo. Kwenye kebo za sauti, wavu ulioachwa huleta mvumo.

Mrija wa nje ufunike ganda la asili kwa milimita 20 kila upande. Ukiwa na gundi, itafurika kidogo pembeni. Hapo ndipo mvuto unapohama kutoka kwenye viungo kwenda kwenye ganda. Ongeza mrija wa pili juu ya huo, mrefu zaidi kwa milimita 15 kila upande. Kwa njia hiyo ugumu wa kebo unapungua kwa ngazi badala ya kukoma ghafla. Tepu nyeusi peke yake haifai kwa kazi hii: gundi yake hulainika kwa joto na baada ya muda tepu huteleza.

Kuwasha mara ya kwanza

Kebo ya chaja ijaribu kwanza bila kifaa: pima volti kwenye kichwa, na uhakikishe chanya na hasi ziko mahali pake. Kisha chomeka kifaa, ukiache kiendelee kuchaji kwa dakika 15, ushike kiungo. Kinatakiwa kuwa na joto sawa na kebo nyingine. Ampea 2 zikipita kwenye kiungo chenye omu 0.2 huzalisha wati 0.8 za joto mahali padogo kuliko ukucha, na utazihisi bila shida. Kiungo chenye joto kifungue, usikipe nafasi ya pili.

Kama simu inachaji polepole ingawa kiungo ni baridi, angalia kipande ulichoongezea. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.08, unaopatikana sana kwenye kebo za bei rahisi, una takriban omu 0.2 kwa kila mita. Kwenda na kurudi mita moja kwa ampea 2 unapoteza karibu volti 0.85 kati ya 5. Usiongezee kebo kwa waya mwembamba kuliko ulioukuta.

Ikija kukatika tena, mahali penyewe patakueleza. Ikikatika ukingoni mwa mrija, ulifanya ugumu ukome ghafla au lehemu ilitambaa chini ya ganda. Ongeza ngazi ya mirija. Ikifunguka katikati ya kiungo, shaba haikupata joto. Ikikatika sentimita 20 kutoka hapo, shaba ya kebo nzima imechoka, na kichwa chake ndicho pekee kinachofaa kukatwa na kuhifadhiwa.